Kalila na Dimna: Kitabu cha Hekima na Safari Zake

Wazee wetu hupenda kumrudi mtu kwa mithali kuliko kwa maneno makali. Kijana akifanya jambo kwa pupa haambiwi kuwa ni mpumbavu. Huambiwa kwamba haraka haraka haina baraka, kisha huachwa akae na neno hilo mpaka limwingie mwenyewe. Kwa njia hii msemaji hakosi adabu, wala msikilizaji hafedheheki mbele ya watu. Tena neno fupi lenye mfano ndani yake hukaa katika kumbukumbu miaka mingi, hali hotuba ndefu husahauliwa kabla jua halijatua.

Desturi hii si yetu peke yetu. Katika karne za kati, yaani tangu kadiri ya mwaka 500 hata mwaka 1500, mataifa mengi ya Asia na Ulaya yalikuwa na vitabu vya hekima vilivyotungwa kwa kusudi lilo hilo. Katika hivyo vyote ni vichache mno vilivyosafiri mbali, na kukaribishwa katika nyumba za watu wa dini na lugha mbalimbali, kama kile kiitwacho Kalila na Dimna. Nataka kuwasimulieni habari zake: kilikotoka, mtu aliyekipa sura yake, mafunzo yaliyomo, na alama zake zilizoonekana hata huku kwetu pwani.

Asili ya kitabu hiki ni Bara Hindi. Huko palikuwa na mkusanyo wa hadithi katika lugha ya Kisanskriti uitwao Panchatantra, ambao umegawanyika mafungu matano. Ndani yake wanyama husema, hushauriana, hudanganyana na kuhukumiana kama wanadamu. Kusudi lake lilikuwa kuwafundisha wana wa wafalme namna ya kutawala na kukaa na watu. Katika karne ya 6 sifa za hadithi hizi zilifika Uajemi, katika baraza ya Mfalme Khosrow Anushirwan, aliyetawala tangu mwaka 531 hata mwaka 579. Tabibu mmoja wa mfalme, jina lake Burzoe, akazifasiri pamoja na nyingine za Kihindi katika Kipahlavi, lugha ya Waajemi ya wakati ule.

Juu ya kazi hiyo Waajemi wana kisa kizuri, nacho kimo katika Shahnameh, utenzi mkubwa wa Firdausi uliomalizika mwaka 1010. Yasimuliwa kwamba Burzoe alisoma ya kuwa katika milima ya Bara Hindi huota mmea uwezao kufufua maiti. Akaomba ruhusa kwa mfalme, akasafiri, akachuma majani ya kila namna, mabichi na makavu, akayatwanga na kuyatia juu ya wafu. Asiinuke hata mmoja. Alipokuwa amekwisha kata tamaa, naye akiona haya kurudi kwa bwana wake mikono mitupu, mzee mmoja mwenye elimu akamfumbulia fumbo lile. Maiti, akamweleza, ni mtu asiye na maarifa. Na dawa ya kumfufua ni maneno ya hekima, nayo yamo katika kitabu kilichomo katika hazina ya mfalme wa huko. Burzoe akaruhusiwa kukisoma mbele ya mfalme tu. Basi kila siku alihifadhi moyoni sehemu moja, kisha akaiandika faraghani, hata akakimaliza.

Tafsiri ya Burzoe ilipotea zamani. Lakini kabla haijapotea ilikuwa imekwisha zaa watoto wawili. Mmoja ni tafsiri ya Kisiria, iliyofanywa kadiri ya mwaka 570. Wa pili ni tafsiri ya Kiarabu, iliyofanywa karibu na mwaka 750, na huyu ndiye aliyeijaza dunia kizazi chake.

Mwenye kufanya tafsiri hiyo ya Kiarabu ni Ibn al-Muqaffa. Alikuwa Mwajemi wa nchi ya Fars, na jina lake la kwanza lilikuwa Ruzbih. Jina lile jingine lina habari ya huzuni ndani yake. Yasimuliwa kwamba baba yake alikuwa mtoza kodi. Akashtakiwa kuwa amekula mali ya serikali, akateswa hata mkono wake ukakunjamana. Tangu hapo mtoto akaitwa mwana wa mwenye mkono uliokunjamana. Kwa hiyo huyu alijua tangu ujana wake ghadhabu ya wakubwa ni kitu gani. Akawa karani wa maliwali, akaona kwa macho yake enzi ya Bani Umayya ikianguka na ya Bani Abbas ikisimama mwaka 750, akasilimu, akaishi katika mji wa Basra. Kiarabu chake kilikuwa safi na chepesi, hata kitabu chake kimehesabiwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vilivyo bora vya nathari ya Kiarabu.

Sasa natuingie ndani ya kitabu chenyewe. Masimulizi yake yamepangwa kama mazungumzo ya mfalme wa Kihindi, Dabshalim, na mwanachuoni wake, Bidpai. Katika utangulizi mmoja ulioongezwa baadaye yaelezwa kwamba Dabshalim alikuwa mfalme mwonevu. Bidpai akawakusanya wanafunzi wake, akawaambia kuwa haifai wenye elimu kunyamaza. Wao wakaogopa, wakamwonya. Ndipo akawatolea mfano wa ndege mdogo ambaye tembo alikanyaga kiota chake na kuua makinda yake. Ndege yule hakuwa na nguvu ya kupigana na tembo, lakini alikuwa na majirani. Aliwaomba kunguru, nao wakamdonoa tembo macho. Kisha akawaomba vyura, nao wakaenda kulia katika shimo refu. Tembo kipofu mwenye kiu aliposikia sauti ya vyura alidhani kuwa pana maji, akaifuata, akaanguka akafa. Nasi twasema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Bidpai akaenda kwa mfalme, akasema kweli yake, akatiwa gerezani. Lakini baadaye mfalme akajuta, akamtoa, akamfanya waziri.

Hadithi ya kwanza na iliyo kubwa ni ya simba na ng'ombe dume. Mfanyi biashara mmoja alimwacha njiani ng'ombe wake aliyezama katika matope. Ng'ombe akaokoka, akapata malisho mema, akanenepa, akaanza kulia kwa sauti kuu. Karibu na hapo alikaa simba, mfalme wa wanyama, ambaye hakupata kusikia mlio wa namna ile. Akaogopa, lakini akaficha hofu yake. Katika baraza yake walikuwamo bweha wawili, Kalila na Dimna. Kalila alikuwa mtulivu, ameridhika na cheo chake. Dimna alikuwa mwenye tamaa ya kukaribia kiti. Dimna akaitambua hofu ya simba, akamleta ng'ombe mbele yake, na wawili hao wakapendana sana. Ng'ombe akawa mshauri, na Dimna akasahauliwa. Wivu ukamshika. Akaenda kwa simba akamweleza kwamba ng'ombe ana nia ya kumpindua. Kisha akaenda kwa ng'ombe akamweleza kwamba simba ana nia ya kumla. Kila mmoja akampa dalili za kutazama kwa mwenziwe. Walipokutana, kila mmoja alikuwa amekwisha kakamaa kwa hofu, na kila mmoja akaiona hofu ya mwenziwe kuwa ndiyo ushahidi. Simba akamwua rafiki yake.

Tafadhalini mwitazame fitina hii kwa makini, kwani hapo ndipo penye hekima ya kitabu. Dimna hakumshika mtu mkono. Hakuchukua silaha. Alichofanya ni kuwazuia marafiki wawili wasiulizane. Lau simba angalimwita ng'ombe na kumwuliza neno moja tu, uongo wote ungalianguka. Mafunzo ya wenye hekima wa zamani juu ya jambo hili hayana mafumbo: mwenye mamlaka asihukumu kwa neno la upande mmoja, wala asimwamini mletaji wa habari kwa sababu tu habari yenyewe inalingana na hofu yake.

Katika Panchatantra ya Wahindi hadithi hii huishia hapo, na bweha mfitini hubaki katika neema ya mfalme. Lakini katika Kiarabu kuna mlango mwingine, ambao wataalamu wengi huona kuwa uliongezwa na Ibn al-Muqaffa mwenyewe. Ni mlango wa kuhukumiwa kwa Dimna. Simba amejuta. Chui, aliyepita usiku karibu na nyumba ya bweha, amemsikia Kalila akimlaumu nduguye kwa kitendo chake, akaenda kumweleza mama yake simba. Dimna akaletwa barazani. Hapo haadhibiwi kwa ghadhabu ya mfalme. Mambo yake yachunguzwa mbele ya kadhi na watu wote. Naye ajitetea kwa ufasaha wa ajabu, hata kila amshtakiye aona haya na kunyamaza. Alipokosekana shahidi, hakuhukumiwa, alirudishwa gerezani. Ndipo walipotokea mashahidi wawili, chui na mnyama mwingine aliyekuwa gerezani na kusikia maneno ya bweha wawili hao, na kwa ushahidi wao Dimna akauawa.

Yafaa tujiulize kwa nini karani huyu wa Basra aliongeza mlango huo. Yeye aliyekuwa mwana wa mtu aliyeteswa hakuridhika kuona fitina ikipewa thawabu. Na wala hakuridhika mfitini auawe hivi hivi tu. Alitaka hata mwovu asikilizwe, ashahidiwe, kisha ndipo ahukumiwe. Katika zama ambazo neno la mtawala lilitosha kukata kichwa cha mtu, fikira hiyo haikuwa ndogo.

Mlango mwingine unaopendwa sana ni ule wa njiwa mwenye kishada shingoni. Yeye na wenziwe walinaswa katika wavu wa mwindaji. Mwanzo kila njiwa alipapatika kujiokoa nafsi yake, na wavu ukazidi kuwabana. Mkubwa wao akawashauri waruke wote kwa pamoja, nao wakaung'oa wavu, wakaruka nao hata kwa panya, rafiki yake. Panya alipotaka kuanza kukata kamba za rafiki yake kwanza, njiwa yule alimkataza. Akamtaka aanze kwa wenziwe. Kwa maana akianza kwake, yamkini atachoka kabla ya kuwamaliza wengine, lakini akianza kwa wengine, hata akichoka hatakubali rafiki yake abaki kifungoni. Katika jambo hilo dogo pana elimu kubwa ya uongozi. Kiongozi yule aliujua udhaifu wa rafiki yake, asiufiche wala asiukasirikie. Aliugeuza kuwa faida ya raia zake.

Tena kuna kisa cha mtu mchaji aliyemwacha mtoto wake mchanga pamoja na nguchiro aliyefugwa nyumbani. Nyoka akaja, nguchiro akamwua. Baba aliporudi alimkuta nguchiro mlangoni, mdomo wake una damu. Akadhani kuwa amemla mtoto, akampiga akafa. Alipoingia ndani akamwona mtoto salama, na kando yake nyoka aliyekatwa vipande. Hapana haja ya kufasiri. Sisi twasema kuwa majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Na sasa, Mabibi na Mabwana, hatuna budi kusimulia mwisho wa Ibn al-Muqaffa. Khalifa al-Mansur, aliyetawala tangu mwaka 754 hata mwaka 775, alikuwa na ami yake, Abdallah ibn Ali, aliyemwasi akashindwa. Ndugu zake wakamwombea amani, na Ibn al-Muqaffa akatakiwa kuandika hati. Yasimuliwa kwamba aliiandika kwa maneno ya kumfunga khalifa pande zote, asipate mwanya wa kuivunja ahadi, na khalifa akachukizwa mno. Tena alikuwa amewaandikia wakubwa waraka wa shauri juu ya askari, kodi na hukumu. Kadiri ya mwaka 756 liwali wa Basra, Sufyan ibn Muawiya, ambaye alikuwa na kinyongo naye, akamkamata na kumwua kwa mateso. Umri wake yasemwa haukufika miaka 40. Hakupata baraza, wala kadhi, wala mashahidi wawili. Haki ile aliyompa bweha kitabuni, mwenyewe alinyimwa.

Lakini kitabu hakikuuawa. Kadiri ya mwaka 1080 kilifasiriwa katika Kiyunani na Symeon Seth wa Konstantinopoli. Katika karne ya 12 kilifasiriwa tena katika Kiajemi na Nasrallah Munshi, katika enzi ya Bahram Shah wa Ghazna. Myahudi aitwaye Rabbi Joel alikifasiri katika Kiebrania, na kutoka Kiebrania John wa Capua, Myahudi aliyekuwa Mkristo, akakitia katika Kilatini baina ya mwaka 1263 na mwaka 1278. Katika Hispania kilifasiriwa mwaka 1251 kwa amri ya Alfonso, ambaye mwaka uliofuata alikuwa mfalme wa Kastilia. Katika Kiingereza kilipigwa chapa mwaka 1570, kwa kazi ya Thomas North, aliyekitoa katika Kitaliano. Na La Fontaine, mtunga hadithi mashuhuri wa Ufaransa, alikiri mwaka 1678 kwamba sehemu kubwa ya hadithi zake mpya aliipata kwa mwenye hekima wa Kihindi, Pilpay, ambaye ndiye Bidpai wetu. Basi fikirini: Mhindi, Mwajemi, Mwarabu, Myunani, Myahudi, Mhispania, Mwingereza na Mfaransa, kila mmoja amesoma kitabu hicho akaona kuwa kimeandikwa kwa ajili yake.

Nasi pwani hatukupitwa. Katika kitabu hiki mna kisa cha nyani mzee aliyekaa juu ya mtini pwani ya bahari, akafanya urafiki na kasa. Mke wa kasa akajifanya mgonjwa, ikasemwa kuwa dawa yake ni moyo wa nyani. Kasa akamchukua rafiki yake mgongoni kumpeleka baharini. Na katikati ya safari nyani akaitambua hila. Akamweleza kwamba moyo wake ameuacha mtini, heri warudi wakautwae. Waliporudi akaruka mtini, asishuke tena. Kasa alipomwita, nyani akamsimulia kisa cha punda wa dobi. Simba mgonjwa alihitaji moyo na masikio ya punda. Bweha akamdanganya punda, akamleta; simba akamrukia akamkosa. Punda akadanganywa mara ya pili, akarudi, akauawa. Simba alipokwenda kuoga, bweha akala moyo na masikio. Na alipoulizwa, akajibu kwamba punda yule hakuwa navyo tangu asili, maana angalikuwa navyo asingalirudi baada ya kuponea chupuchupu.

Naam, nani katika sisi hakijui kisa hiki? Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, na baadaye akawa Askofu, alipiga chapa London mwaka 1870 kitabu cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Mlemo kisa cha punda wa dobi, pamoja na kima aliyefanya urafiki na papa chini ya mkuyu. Kasa amekuwa papa, na bweha amempisha sungura wetu. Lakini moyo ulioachwa mtini ni ule ule, na punda ni yule yule, hata bwana wake dobi hakubadilishwa. Jahazi za musimu zilizokuwa zikileta nguo na tende kutoka Bara Hindi, Uajemi na Arabuni, hazikuleta bidhaa tu.

Nataka kumaliza kwa onyo alilolitia Ibn al-Muqaffa katika utangulizi wake, kwani lawahusu hasa watu wapendao mithali kama sisi. Atoa mfano wa mtu aliyeona hazina jangwani. Kwa kuwa ilikuwa nyingi, akaajiri wachukuzi, akawatuma mmoja mmoja waipeleke nyumbani kwake, naye akabaki nyuma. Alipofika nyumbani hakuona kitu; kila mchukuzi alikuwa ameupeleka mzigo wake kwake mwenyewe. Ndivyo alivyo mtu asomaye maneno ya hekima mengi bila kuyafahamu. Tena atoa mfano wa mtu aliyemwona mwivi akiingia nyumbani usiku. Akasema moyoni atanyamaza kwanza aone atakalolifanya, kisha amkamate. Usingizi ukamchukua, na alipoamka mwivi amekwisha kwenda na mali. Alijua, lakini kujua kwake hakukumfaa kitu, kwa maana hakukutenda.

Watu wa zamani walisema kuwa moyo ndio makao ya akili, na masikio ndiyo mlango wake. Mwenye kuwa na masikio bila moyo husikia mithali, akazitumia kuwachekesha wenziwe. Mwenye kuwa na moyo bila masikio hujifungia na fikira zake, kama simba aliyemwua rafiki yake asimwulize neno. Hekima yataka vyote viwili. Basi, ndugu zangu, tutakapomsikia tena mtu akituletea habari mbaya ya jirani yetu, na habari hiyo ikawa tamu masikioni, natumkumbuke ng'ombe yule wa malishoni, tukamwulize jirani kwanza.